Dodoki Nililolikataza Kukauka

Pwata, pwata, kimya kidogo, halafu pwata ya mwisho. Ndivyo Bibi alivyomaliza kuoga. Alilipiga dodoki lake kwenye nguzo ya mkoko iliyoshika kona ya bafu letu la makuti, nyuma ya nyumba yetu ya Mahege, na mimi nikiwa bado nimejikunyata kitandani nilijua kwamba Bibi ameshaswali, ameshaoga, na sasa zamu ya ndoo ni ya mama. Mama alikuwa na mpigo wake mwingine, wa haraka na mwepesi, kama mtu anayekung'uta kanga kabla ya kuianika. Mimi nilikuwa sijui kupiga. Maji yalinirudia usoni, Bibi akacheka huko aliko bila hata kuniona.

Juzi hapa nilifungua begi la binti yangu aliyerudi likizo kutoka bweni. Alikuwa ametia dodoki lake bichi ndani ya kopo la plastiki, akabana mfuniko, akalikandamiza katikati ya sare za shule. Nilipofungua kopo lile, harufu ilinipanda puani nikajikuta nimekaa sakafuni, mgongo ukutani. Binti yangu akaniuliza, "Mama, unalia?" Nikamwambia nimechoka tu. Nilikuwa nimechoka kweli, nimetoka kazini miguu inawaka moto, lakini uchovu ulionikalisha pale chini ulikuwa wa zamani sana, na ulikuwa na harufu hiyohiyo.

Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na dodoki lake na msumari wake. Mdodoki wenyewe ulitambaa juu ya ua, upande wa mkorosho, na madodoki yalikomaa yakakaukia palepale mtini. Ukilitikisa moja unasikia mbegu zikicheza ndani. Bibi alilimenya ganda kwa kidole gumba, akakung'uta mbegu kwenye ungo, kisha akalikata kwa kumtazama mtu: hili jembamba la mtoto, hili pana la mtu mwenye mgongo. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, vitu vilikuwa vimerudi madukani, na Kibiti ungekuta sabuni za kunukia za kila rangi na madodoki ya nailoni ya wavu, ya waridi na ya kijani, yametundikwa mlangoni kama mapambo ya harusi. Mama mdogo Sikudhani, mdogo wake mama, alikuwa nalo moja. Bibi alilitazama akasema hilo ni la kuvulia dagaa.

Na Bibi alikuwa na sheria zake. Dodoki haliazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Haliachwi ndani ya ndoo, wala sakafuni, wala juu ya sabuni. Ukimaliza unalisuuza mpaka povu liishe, unalikamua, unalipiga nguzoni, unalitundika upande unaopigwa na jua. Safarini ndiyo usiseme. Alikuwa amejisukia kikapu kidogo cha ukindu, amekisuka wazi wazi hata kidole kinapita, na dodoki lilikaa humo, na kikapu kikafungwa nje ya mzigo ili upepo ulipate. Hata ukimkuta Bibi njiani ana haraka ya msiba, kikapu kinaning'inia. Tuliwahi kufika nacho kwenye harusi, wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakaangua kicheko.

"Bi Mkubwa, umetuletea kuku?" mmoja akauliza.

"Kuku wangu huyu hali mchele wenu," Bibi akamjibu. "Ana kwake."

Nilikuwa mtoto wa kuwaza sana. Shuleni mwalimu alikuwa akisema macho yangu yapo darasani lakini mwenyewe nimekwenda matembezi. Katika kuwaza kwangu niliyatazama yale madodoki kila siku na nikagundua jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Babu alipougua, dodoki lake lilikauka kwenye msumari, likawa jeupe, na Babu akafa. Baba alipokwenda Dar es Salaam kutafuta biashara ya mitumba, dodoki lake nalo lilikauka, likakakamaa kama ubao, buibui akajenga humo, na baba hakurudi tena. Bibi alilitungua siku moja, akasugulia masufuria. Basi nikajua. Dodoki bichi maana yake mwenyewe yupo. Likikauka, mwenyewe ndiyo kaenda.

Mama alikuwa mja mzito, na miguu yake ilikuwa imevimba hata kandambili hazimwingii. Asubuhi moja alikwenda bafuni, akaoga polepole, nikasikia mpigo wake nguzoni, lakini safari ile haukuwa mwepesi. Ulikuwa pigo moja tu, halafu kimya. Tulimkuta ameshika nguzo kwa mikono miwili, kichwa kinamzunguka. Lori la kwenda kuchukua mpunga lilikuwa barabarani, majirani wakamsimamisha dereva, wakamtandikia mama magunia, Bibi akapanda naye kumpeleka hospitali Utete. Katika haraka ile yote Bibi hakusahau kikapu chake. La mama lilibaki kwenye msumari, linachuruza maji.

Nilipotoka shule mchana nilikwenda moja kwa moja bafuni. Lilikuwa limeacha kuchuruza. Ncha yake ya chini ilikuwa bado na unyevu, lakini juu, palipopigwa na jua, lilishaanza kuwa jeupe.

Nilichota kopo la maji nikalimwagia.

Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Asubuhi kabla ya shule nalimwagia, nikirudi nalimwagia, jioni nalimwagia. Kisima chetu kilikuwa mbali, chini kwenye mabonde, na mama mdogo Sikudhani, aliyebaki kunilea, ndiye aliyekuwa akipanda kilima na ndoo kichwani. Alirudi shingo imemkaza, anakaa kizingitini mpaka pumzi imrudie. Maji yalipokuwa yanaisha mapema, alinitazama.

"We Mwanaidi, unaogea nini? Haya maji yanakuja kwa kichwa changu, hayaji kwa bomba."

"Naoga tu, mama mdogo."

"Naoga tu. Na shingo yako hiyo ina kutu."

Ilikuwa kweli, maana nilikuwa siogi tena. Fungu langu la maji nilikuwa nalipeleka kwenye dodoki la mama, mimi najipangusa kwa pindo la gauni lililolowa.

Hata hivyo jua la kwetu halina huruma, na mimi sikuweza kukaa bafuni kutwa nzima. Ndipo nikaukumbuka mfuko wa nailoni. Siku hizo mfuko ulikuwa kitu cha thamani. Mama mdogo alikuwa na mmoja wa buluu aliofungiwa sukari dukani Kibiti, anaufua kwa sabuni, anauanika kambani pamoja na nguo. Nilikuwa nimeshautilia maji nikauona hauvuji hata tone. Nikaliloweka dodoki la mama chapachapa, nikalitia ndani, nikafunga mdomo wa mfuko kwa ugwe, nikalificha uvunguni mwa kitanda. Mama mdogo alipouliza mfuko wake nilinyamaza, akaulaumu upepo. Kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke nililala usingizi wa kushiba. Kila nilipoingiza mkono uvunguni nikaubonyeza ule mfuko, niliusikia umejaa na una uvuguvugu. Niliwaza kwamba ule ni uvuguvugu wa mama.

Habari zililetwa na Mzee Athumani, jirani yetu aliyekuwa akipeleka nazi Utete. Alikataa kiti, akasimama uani ameshika kofia yake.

"Amepasuliwa," akamwambia mama mdogo. "Mtoto hakuwa riziki. Mwenyewe yupo, ila homa haijamwachia. Mama yenu anasema mleteni Mwanaidi amwone mamake. Na kanga za kubadili, na dodoki lake, amelisahau."

Mama mdogo akakaa chini pale pale akaanza kumlilia mtoto ambaye hatukumwona. Mimi sikulia. Sina la kujitetea hapo, nilikuwa mdogo. Katika maneno yote ya Mzee Athumani nililichukua moja tu, kwamba dodoki la mama linatakiwa, na mimi nilikuwa nalo, bichi vilevile kama alivyoliacha.

Tulipanda juu ya lori lililobeba magunia matupu. Mfuko wangu niliuviringisha ndani ya kanga za mama, nikaukumbatia tumboni. Jua lilikuwa kali, barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila gari lilipotikisika nilisikia maji yakicheza humo ndani. Haukupita muda harufu ikaanza. Ilikuwa harufu ya matope ya kinamasi na kitu kingine, kitu kama kidonda. Mama mdogo akafunika pua kwa ukaya wa kanga, akamgeukia mzee mmoja aliyekaa na tenga la samaki.

"Mzee wangu, shikamoo. Hao samaki wako hawafiki Utete."

"Marahaba, binti yangu. Samaki wangu nimewabanika mwenyewe, wamekauka wanalia kama kuni." Akafunua tenga, akachukua mmoja akamgonga ukingoni mwa lori, ko ko ko. "Kitu kikavu hakinuki hivyo. Hicho kinachonuka kimelowa, tena kimefungiwa. Chungulia upande wako."

"Upande wangu kuna mtoto na kanga."

"Basi mtoto ndiye mbichi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikazidi kuubana mfuko tumboni. Niliamini kabisa kwamba ni samaki wake.

Tulivuka mto kwa mtumbwi, tukatembea mpaka hospitali. Nakumbuka uchovu kuliko kitu kingine chochote. Wanawake waliouguza walikuwa wamekaa nje ya wodi, kila mmoja na sufuria yake na mafiga yake, vichwa vimelala mabegani kwa wenzao. Bibi alikuwa miongoni mwao. Sikumtambua upesi kwa sababu alikuwa hasemi. Kikapu chake kilining'inia kwenye kamba ya nguo, dodoki lake ndani, kavu. Nilipoliona nilimshika mkono nikambonyeza nihakikishe kwamba yupo.

"Unanibinya nini, mke mwenzangu?" akasema. "Miye si embe."

Ndani mama alikuwa amelala chali. Uso ulikuwa umekwisha, macho yamekuwa makubwa. Tumbo, ambalo lilikuwa mlima, lilikuwa limeshuka, limefungwa kitambaa cheupe. Nesi alikuwa ametoka kumpima. Alimwambia Bibi taratibu kwamba homa ikishuka mpaka kesho, basi wamevuka, isiposhuka watazungumza mengine. Mgonjwa aogeshwe apoe mwili, ila kidonda kisiguswe na maji wala kitu chochote. Nilisikia yote. Neno "mengine" nililielewa vizuri sana.

Bibi akavuta beseni. "Haya, leteni. Dodoki la mamako liko wapi?"

Nikaufungua mzigo wangu kwa fahari, nikamkabidhi mfuko wa buluu.

"Mfuko wangu," mama mdogo akasema kwa sauti ndogo.

Bibi akakata ugwe. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuza uso ukutani. Dodoki lilikuwa limepata madoadoa meusi kutoka ncha mpaka ncha, na Bibi alipolinyanyua kwa vidole viwili likavuta ute mrefu uliorudi ndani ya mfuko. Hakupiga kelele. Alilirudisha, akaufunga mdomo wa mfuko, akausukuma mbali na kitanda kwa mguu. Akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akanawa tena.

"Nani kalitia humu?"

"Mimi."

"Kwa nini? Mjukuu wangu weye, niliyekufundisha mwenyewe."

"Nilikuwa sitaki likauke."

"Lisikauke ili iweje?"

Nikasema yote hapohapo. Nilisema la Babu, la baba na buibui wake, na lile la mama lililoanza kuwa jeupe juu. Nilisema fungu langu la maji. Mama mdogo Sikudhani, ambaye shingo yake ndiyo iliyobeba maji yale, alinitazama, kisha akainama akaanza kuikunja kanga iliyokuwa tayari imekunjwa.

Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda. Nilidhani atanigombeza, akanishika kichwa tu.

"Babu yako alikufa kwa kifua," akasema. "Dodoki lilikauka kwa sababu miye nilikuwa namwogesha kwa kitambaa, mwili ulikuwa unamuuma. Sasa sikia, mke mwenzangu. Dodoki kavu ndilo zima. Utalikuta hivyo hivyo ukirudi. Hili hapa ndilo lililokufa, na ningempitisha nalo mamako na kidonda kile, na yeye angekuwaje?"

Mama akafungua macho. Hatukujua kama alikuwa anasikia.

"Na babako," akasema, akapumzika, akaanza tena. "Babako hakurudi kwa sababu hataki kurudi. Dodoki halina kosa lolote, mwanangu. Usilitwishe."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hivyo juu ya baba. Wala Bibi hakuwa amewahi, maana alimwangalia kwa muda, kisha akaangalia dirishani. Baada ya miaka mingi, nilipopata mwanamume wa kwangu wa kunisahau, niligundua kwamba mama alikuwa amechoka kulitunza neno lile, akaliachia pale kitandani kwa sababu mimi nilikuwa nalibeba bila kujua.

Bibi aliutupa mfuko kwenye shimo la taka la hospitali. Akatoka nje ya uzio, akapiga hodi nyumba ya kwanza yenye mdodoki kwenye ua, akarudi na dodoki kavu bado limo gandani. Akanipa mimi.

"Menya weye."

Nilimenya peke yangu, kucha zikaniuma. Nilikung'uta mbegu kwenye kiganja nikazitia mfukoni mwa gauni. Bibi akalikata, akalilowesha, akamwogesha mama mgongo, mikono na miguu, polepole, huku akizunguka mbali kabisa na kile kitambaa cheupe. Mama alifumba macho. Maji katika beseni yalibadilika rangi, na uso wake ukapoa kidogo, au mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Kisha Bibi akalisuuza dodoki, akanikabidhi. "Unajua pa kulipeleka," akasema, akaegemeza kichwa kwenye chuma cha kitanda.

Nje palikuwa na nguzo ya kamba ya nguo. Nililikamua mpaka viganja vikawa vyekundu. Nikalipiga nguzoni, pwata, na maji yakanirudia usoni kama kawaida. Nikalitundika juani kando ya kikapu cha Bibi.

Kopo la maji nilikuwa nimekuja nalo. Nilikuwa nimelichota bombani nikipita, bila kufikiri, mkono tu ulishazoea. Nikakaa chini nalo kati ya magoti. Ncha ya dodoki ilidondosha tone, nikasubiri, ikadondosha jingine, halafu ikaacha. Mchana ule ulikuwa mkali na upepo wa mtoni ulikuwa ukivuma. Rangi ilianza kubadilika juu, ikashuka. Nilisimama na kopo langu. Nikakaa tena. Neno la nesi lilikuwa kichwani mwangu, na maneno ya Bibi, na nilikuwa nimeyaelewa yote, lakini kuelewa hakukutosha. Wanawake wa mafiga walinitazama wakadhani nalinda nguo.

Lilikauka lote. Nililigusa kwa kidole likanikwaruza. Lilikuwa jeupe kabisa, kama la Babu, kama la baba.

Nikageuka kulitazama dirisha la wodi, lile lenye wavu. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha nikasikia sauti ya Bibi ikimwuliza mtu kama uji huo anaunywa au anauombea dua, na sauti nyingine, nyembamba, imechoka, ikamjibu kwamba hauna sukari.

Nikalimwaga kopo langu la maji pale chini ya nguzo, taratibu, mpaka likaisha.